Kiti cha Kushoto

Ilikuwa mwaka 2024, mwishoni mwa Juni, na Njombe ilikuwa imefungwa na ukungu tangu alfajiri. Haukuwa ule ukungu unaopanda kabla ya adhuhuri na kuliachia jua nafasi, bali ule mzito unaokaa juu ya miti ya miwati mchana kutwa na kudondoka kama mvua isiyoamua kunyesha. Kipimajoto kwenye nguzo ya banda langu la gari kilionyesha nyuzi nane. Nilikisoma mara mbili. Nimefanya kazi ya takwimu serikalini hadi kustaafu, na tabia ya kusoma kipimo mara mbili imenibakia, pamoja na pensheni.

Jioni hiyo nilikuwa na shughuli moja: kwenda barabara ya Makambako kumchukua mdogo wangu Odilo na kumleta nyumbani.

Odilo tulikwisha kumzika mwezi uliotangulia.

Naomba nieleweke. Katika ukoo wetu, mtu akifia barabarani, mwili huletwa na gari, lakini inaaminika kwamba mwenyewe hubaki palepale alipoangukia, akishangaa, akingoja mtu wa kwao. Kabla ya misa ya arobaini, ndugu mkubwa huenda mahali pale, humwita kwa jina, hukata tawi la mti ulio karibu, na kuliketisha tawi hilo kwenye kiti cha gari. Kiti hicho huwa ni chake. Mkifika getini humwambia, kwa jina vilevile, kwamba amefika na ashuke. Kisha tawi hupandwa kaburini. Padre wetu wa misheni analijua jambo hili tangu zamani, na hajawahi kulisemea chochote.

Mimi sikuliamini. Nilikubali kulifanya kwa sababu mjane wake, Konsolata, aliniomba, na kwa sababu nyingine ambayo sikumwambia.

Sababu hiyo ilikuwa gari.

Ninalo gari dogo la Kiingereza, aina ya MG, la mwaka 1968, la kijani, lenye viti viwili tu na paa la turubai. Nililinunua kwa meneja wa shamba la chai aliyekuwa akirejea kwao. Usukani uko kulia, abiria hukaa kushoto. Kwa umri wake, injini ilikuwa ikipata moto sana kwenye milima mirefu. Nilipoliteremsha mara moja hadi Lupingu, ziwani, wakati wa kupanda kurudi Ludewa mshale wa geji ya msukumo wa oili ulilala chini kama mgonjwa. Nikaamua kulifungia rejeta ndogo ya oili, ile inayokaa mbele ya rejeta ya maji, ili oili ipite humo ipoe kabla ya kurudi kwenye injini.

Odilo alicheka sana. Alikuwa na kicheko cha kupiga goti.

"Kaka," alisema, "mji mzima huu tunalala na soksi. Wewe unaagiza kitu cha kupoza."

"Ni suala la hesabu, Odilo. Oili ikizidi joto inakuwa nyepesi, inashindwa kubeba mzigo."

"Sawa, profesa. Mzigo nitakubebea mimi."

Mzigo wenyewe ulishushwa na basi Makambako. Ilikuwa siku ya manyunyu. Ningeweza kwenda na gari langu, ila nilikuwa nimelipiga nta asubuhi ile na sikutaka liingie tope. Nikamtuma Odilo na pikipiki yake. Wakati wa kurudi, jioni, kwenye kona iliyo juu ya Mtwango, alikutana na lori ndani ya ukungu. Lori halikusimama. Boksi langu lilikutwa mtaroni, zima, halijabonyea hata pembe.

Hayo yote kila mtu aliyajua, na hakuna aliyenilaumu. Waombolezaji waliniambia ni mapenzi ya Mungu. Lakini hawakujua kwamba wiki mbili baada ya maziko nililifungua boksi lile na kuanza kazi.

Nilitoboa bamba la mbele, nikafunga vishikizo viwili, nikapitisha mipira ya oili pembeni mwa rejeta ya maji hadi kwenye injini na kichujio. Nilifanya polepole, kwa vipimo, na ninakiri nilikuwa na furaha. Kanuni ya kazi hii ni spana mbili: moja hushika shingo ya rejeta isigeuke, nyingine hukaza nati ya mpira. Ukitumia moja, shingo hujipinda na siku moja itavuja. Spana yangu ilikuwa moja ya saizi ile. Ya pili ilikuwa ya Odilo, ndani ya sanduku lake, chini ya kitanda ambacho sasa Konsolata alikuwa akilala peke yake.

Sikuwa na uso wa kwenda kuiomba. Nikakaza kwa moja.

Konsolata alitaka tukodi Noah na dereva. Nikasema hapana, Odilo alilipenda gari langu, na ni heshima arudi ndani yake. Ilikuwa kweli, lakini kweli iliyotumika kufunika. Nilitaka kulijaribu gari kwenye ule mpando wa kutoka Makambako. Nilitaka kuuona mshale wa geji umesimama imara.

Alinifuata hadi kwenye banda, amejifunga kitenge cheusi, na kunikabidhi panga dogo la kukatia tawi.

"Shemeji, ukishamwita, kiti ni chake. Usisimame njiani. Usimsemeshe mtu mwingine."

"Nimeelewa."

"Najua umeelewa," alisema. "Nauliza kama utafanya."

Nikacheka kidogo. Nikawasha gari.

Kwenda kulikuwa kuzuri mno. Niliteremka hadi Makambako, upepo wa pale ukanipiga kama kawaida yake, nikageuza kwenye kituo cha mafuta, nikaanza kupanda. Mshale haukutikisika. Oili ilikuwa na joto la wastani, msukumo ulikuwa kamili. Nilijikuta nikitabasamu… nikielekea mahali alipofia ndugu yangu.

Kwenye kona ile giza lilikuwa linaingia. Pembeni kulikuwa na kichaka cha mianzi, na kila mwanzi ulikuwa umekatwa ncha na kuning'inizwa kikombe cha kukingia ulanzi, pombe ya mianzi. Katika ukimya ule niliyasikia matone.

Tip…

Tip…

Nilisimama ukingoni mwa mtaro. Niliona aibu, ingawa hapakuwa na mtu. Nikasema, kwa sauti ndogo kuliko ilivyopaswa, "Odilo. Ni mimi Anthony. Twende nyumbani." Nikakata tawi la mwati, nikaliketisha kwenye kiti cha kushoto, nikalifunga mkanda.

Na hapo, naapa, gari lilizama kidogo upande wa kushoto. Kama linavyozama mtu anapokaa.

Nilijiambia ni ardhi laini.

Niliondoka. Nilikuwa sijafika mbali mshale wa geji ulipoanza kushuka. Kisha harufu ikaja: oili inayoungua juu ya chuma cha moto. Nilijua papo hapo ni nini. Ile shingo. Nikajua vilevile kwamba nikiendelea, injini itakufa.

Usisimame njiani.

Nilisimama.

Nikafungua boneti. Oili ilikuwa ikichirizika kwenye nati niliyoikaza kwa spana moja. Nikashika tochi kwa meno, nikajaribu kuibana. Shingo nzima ikageuka pamoja nayo. Ningehitaji mkono wa pili.

"Nikushikie, mzee?"

Sikusikia hatua zake. Alikuwa kijana mwenye koti la mvua la plastiki, la njano, lililochanika begani, na miguuni alivaa kandambili katika baridi ile. Nilimsalimia kwa desturi ya kwetu, "Kamwene." Hakujua kuitikia. Alisema tu, "Habari za jioni," kwa Kiswahili cha mtu wa mbali.

Alishika shingo ya rejeta kwa koleo langu. Chuma kilikuwa cha moto kiasi cha kubabua ngozi, lakini kwa mkono wa pili yeye alikikumbatia kwa kiganja kitupu kama mtu anayeota moto. Maji yalikuwa yakimtoka kwenye mikono ya koti na kudondokea kwenye injini. Hayakutoa mvuke.

Nati ikakaza. Nikajaza oili niliyobeba kwenye galoni. Nilikuwa nimepata ahueni kubwa, na ahueni humfanya mtu awe mwepesi.

"Ahsante sana, kijana. Unaelekea wapi?"

"Popote unapokwenda." Alizunguka hadi mlango wa kushoto. Akainama, akachungulia. Tochi yangu ililiangaza tawi lililofungwa mkanda, na nikaliona kama ambavyo angeliona mgeni: mzee mwenye shahada, katika gari la kifahari, amebeba kichaka.

Kijana aliuliza kwa adabu, karibu kwa kunong'ona:

"Mzee… hiki kiti kina mtu?"

Nilikuwa na muda wa kutosha kujibu. Lori halikuwa linakuja. Hakuna aliyenitisha. Niliona aibu tu.

Nikasema, "Hakina mtu."

Nikalifungua tawi mkanda, nikalitupa nyuma ya viti.

Alipokaa, gari halikuzama.

Kioo cha upande wangu kilijaa ukungu wa pumzi nikawa nakifuta kwa kiganja. Cha upande wake kilibaki safi, cheusi, kama dirisha la nyumba isiyo na watu. Kulikuwa na harufu ya dizeli na udongo uliolowa. Niliendesha nikitazama geji peke yake. Msukumo ulikuwa kamili… Sijawahi kuona gari likienda vizuri vile.

Nyumbani kwa marehemu ndugu walikuwa wamesimama getini na taa, kimya, kama desturi inavyotaka. Nilizima injini. Nikageuka kumwambia kijana kwamba tumefika.

Kiti kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimelowa hadi kwenye sponji.

Nililitoa tawi kule nyuma kwa haraka. Nikasema yale maneno: "Odilo, tumefika. Shuka." Mlango wa kushoto nilikuwa nimeufungua, watu wote wakiutazama. Upepo ulitulia. Hakuna kilichotokea, nami sikuwa nimetarajia kitokee, ila Konsolata alikuwa akinitazama mimi, hakuutazama mlango.

"Tawi lilikaa nyuma?"

"Liliteleza kwenye kona."

"Hukumsemesha mtu?"

"Hapana."

Tulilipanda tawi kaburini. Misa ya arobaini ikasomwa. Wajomba wakala, wakanywa, wakalisifu gari.

*

Asubuhi moja ya Julai kulikuwa na sakitu. Majani yote ya uwanjani yalikuwa meupe na yalivunjika chini ya viatu. Banda langu halina kuta, hivyo turubai la gari nalo lilikuwa limeganda umande, jeupe tupu, isipokuwa upande wa kushoto. Hapo palikuwa na duara jeusi, lililoyeyuka. Duara la ukubwa wa kichwa cha mtu aliyeketi.

Nilifungua boneti, nikaweka kiganja juu ya rejeta ya oili.

Ilikuwa ya moto.

Gari lilikuwa halijawashwa tangu jana yake mchana. Nilileta kipimajoto, nikakichovya kwenye tundu la oili, nikakisoma mara mbili. Siandiki hapa kilisema nini, kwa kuwa hakuna atakayeamini, na nisingependa kudharauliwa kwa jambo ambalo nina uhakika nalo.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Nikamwaga oili, nikaweka mpya. Ikawa hivyo. Nikatoa nyaya za betri. Ikawa hivyo. Jioni, nikiwa sebuleni, nilisikia springi za kiti zikilia, taratibu, kama za mtu aliyechoka kukaa namna moja na sasa anageuka.

Wiki hiyo Konsolata alikuja. Alikataa chai.

"Shemeji, Odilo hajafika."

"Tulimleta, Konsolata. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nimeota yuko barabarani. Anauliza mbona ulimshusha."

Nilimwambia ndoto za wafiwa zinaeleweka kisayansi. Alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyosikilizwa mtu anayesoma taarifa ya mapato na matumizi.

"Silali," alisema. "Namtengea chakula, asubuhi nakikuta. Nikisikia pikipiki natoka nje bila viatu. Nimechoka, shemeji. Nikifa kabla hajafika, nitamkuta wapi?"

Alipoondoka nilirudisha nyaya za betri, nikachukua panga.

Nilikwenda jioni ileile. Kabla ya kona niliegesha kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza ulanzi na viazi vya kuchemsha, Oktavia, anayenifahamu kwa sababu ya gari.

"Kamwene, mzee wa gari la kuchezea. Leo umeleta mgeni?" Alikuwa akitazama kushoto kwangu. Kisha akapangusa macho. "Samahani. Moshi."

Nilimuuliza kama watu huona chochote pale konani. Alishusha sauti.

"Madereva wanamwona mtu. Ana helmeti, ameshika boksi kifuani… hivi, kama mtoto. Anapunga. Hawasimami."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ilipoanza. Kabla yake alikuwepo mwingine. Yule tulimzoea. Utingo wa lori moja la zamani lililopinduka hapo, kijana wa mbali, hana karatasi, hana simu. Kijiji kilimzika bila jina. Miaka yote alikuwa anaomba lifti, maskini, na koti lake la njano." Alinijazia kikombe bila kuombwa. "Sasa hatumwoni tena. Tunamshukuru Mungu. Bila shaka amepata wa kumchukua."

Sikunywa.

Konani nilizima injini. Matone ya ulanzi yalikuwa yakihesabika gizani. Nilisimama ukingoni, na safari hii sikuona aibu. Niliita kwa sauti yote niliyobakiwa nayo.

"Odilo!"

Tip…

"Odilo, mdogo wangu. Nimerudi."

Ukungu ulisogea.

Alitokea upande wa mtaro, akitembea kama alivyotembea siku zote, bega moja juu. Kioo cha helmeti kilikuwa kimepasuka. Mikononi alikuwa ameshika boksi, amelikumbatia lisiloane. Boksi ambalo mimi nilikwisha kulifungua, nikalitupa, na kitu kilichokuwamo nimekifunga kwa mikono yangu.

Alinipita. Harufu yake ilikuwa ya kawaida kabisa: petroli na sabuni ya kufulia ya Konsolata. Akafika kwenye mlango wa kushoto. Akainama, akachungulia kwa adabu.

Kisha akanigeukia. Sauti yake haikuwa na lawama, na hilo ndilo linaloniamsha hadi leo.

"Kaka," alinong'ona. "Kiti kina mtu."

"Hakuna mtu, Odilo. Ingia. Nakuomba uingie."

"Kina mtu." Akatazama tena ndani, akasogea nyuma kidogo, kama abiria anayempisha aliyewahi. "Basi. Nitasubiri."

Na ukungu ukamfunika, na boksi lake.

Nilirudi nyumbani nikiendesha kwa mkono mmoja. Sikuthubutu kuuweka ule wa kushoto kwenye gia zaidi ya ilivyobidi. Kila nilipobadilisha gia, kiwiko changu kiligusa plastiki iliyolowa.

*

Nilikaa na jambo hilo mwezi mzima. Sikuwa mwoga wa mizimu kwa kiasi nilichokuwa mwoga wa Konsolata. Nilijipa sababu nzuri: kwamba kumwambia kungemuumiza, kwamba ana presha. Huku yeye akikonda, nami nikimpelekea sukari na mchele.

Ni yeye aliyekuja. Alikuja amevaa nguo za safari, viatu vya kanisani, kitambaa kichwani. Alikwenda moja kwa moja hadi bandani.

"Nipeleke," alisema. "Nitamwita mwenyewe. Nitampakata."

Akashika kitasa cha mlango wa kushoto.

Nilimwona akiufungua. Nilimwona akiinua kitenge kidogo ili akae. Kiti kilikuwa kitupu machoni, ngozi yake imebonyea katikati, inang'aa kwa unyevu. Ningeweza kunyamaza. Angekaa, na sijui angekaa juu ya nini.

"Konsolata, usikae."

Alisimama.

"Kiti kina mtu," nilisema.

Hakupiga kelele. Alikitazama kiti, akanusa, akaurudisha mlango polepole kama mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Rejeta ya oili ilivuja. Nilisimama. Alinisaidia, akaniuliza kama kina mtu."

"Ukamjibuje?"

Nilikuwa nimeyabeba maneno mawili tu, lakini yalichukua muda kutoka.

"Hakina mtu."

Kuku walikuwa wakichakura nyuma ya banda. Konsolata alishusha pumzi.

"Na ilivuja kwa nini? Wewe hukosei vipimo."

"Ilihitaji spana mbili. Ya pili iko kwenye sanduku la Odilo. Niliona haya kuja kuiomba."

"Ungeniomba ningekupa," alisema. "Odilo alikuwa akiniambia, kaka yangu ana hesabu nzuri sana, ila hajui kuhesabu watu. Nilikuwa namkataza asikuseme hivyo."

Akatoka getini kwa miguu, hadi stendi.

Yaliyofuata niliyasikia kwa wengine, kwa kuwa yeye hakunisimulia. Alishuka konani, akaita mara moja. Akakata tawi. Akasimamisha Kosta iliyokuwa ikitoka Makambako kuja Njombe, akamlipa kondakta nauli nzima ya kutoka Makambako, ya watu wawili, akakaa upande wa korido na tawi akaliketisha dirishani. Kondakta alimwambia, mama, weka hilo jani chini watu wakae, ukungu huu watu wamejaa njiani. Konsolata hakufungua mdomo. Alimwonyesha tiketi mbili. Kondakta alizitazama, akalitazama tawi, akavua kofia. Wanasema hadi Njombe hakuna aliyekaa pale, na hakuna aliyeuliza.

Getini alisema, "Odilo, tumefika. Shuka." Mbwa wao, aliyekuwa amelala chini ya ghala tangu Mei, aliinuka akaenda kukizunguka kitenge chake akitikisa mkia, akinusa kitu kilichokuwa juu yake, kwenye kimo cha mtu.

Tangu siku hiyo Konsolata analala. Amenenepa kidogo. Tukikutana baada ya misa ananisalimia vizuri, lakini haniiti tena shemeji. Ananiita Mzee Anthony, kama wanavyoniita watu wa benki.

Rejeta ya oili niliifungua, kwa spana mbili, nikaizika nyuma ya banda. Haikusaidia. Asubuhi za sakitu duara lile jeusi bado lipo juu ya turubai, na oili bado ina joto. Siwezi kuliuza gari. Nitamwambia nini mnunuzi akiniuliza kuhusu kiti cha kushoto? Wala siwezi kumwambia kijana ashuke, kwa sababu mtu huteremshwa kwa jina lake, na la huyu hakuna anayelijua. Hana kosa lolote. Aliuliza kwa adabu, akajibiwa.

Kwa hiyo jioni, ukungu unaposhuka, huwa naingia bandani na kukaa upande wa usukani. Najaribu majina. Praygod, nasema, tumefika, shuka. Nangoja. Aron, shuka. Nangoja. Stanley. Kefa. Wakati mwingine, kwenye jina fulani, springi za kiti hulia kidogo, kama mtu aliyegeuza kichwa… kisha hutulia. Nalirudia jina lile. Silo lenyewe.

Kama nilivyosema, mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu hufungwa. Rejeta, mipira yake, oili na usafirishaji nimevifuta kwenye daftari, kwa kuwa havihusiki tena. Kilichobaki ni gharama ya kumrudisha ndugu yangu nyumbani, kama ilivyolipwa na mjane wake: nauli ya watu wawili, Makambako hadi Njombe.

Shilingi elfu kumi.